Rakugo kwa mtu wa Lindi: namna ya kumsikiliza mtambaji wa Kijapani bila kujua Kijapani

Neno la kwanza kunitoka ndani ya ukumbi wa rakugo lilikuwa "Eeee!", na halikutakiwa.

Ilikuwa Asakusa, Tokyo, Jumamosi mchana. Jukwaani kakaa mzee mwenye kimono cha kijivu, miguu kaikunja chini yake, anaongea taratibu kama anayekupa siri ya jirani. Akafika mahali akanyamaza. Sasa kwetu mtambaji akinyamaza namna ile anasubiri kuitikiwa. Marehemu bibi yangu kule Rondo, usipoitikia, hadithi alikuwa anaikata katikati: "Mmelala, na mimi nalala." Basi mdomo ukafunguka wenyewe. Vichwa vya mistari ya mbele vikageuka. Mzee akanitazama kidogo, akaniinamishia kichwa kama mtu anayeshukuru, ukumbi ukaangua kicheko, akaendelea pale pale alipoishia. Mama aliyekaa kushoto kwangu akanipigapiga goti, kisha akanipa pipi.

Mimi ni afisa ugani, kazi yangu ni mabonde ya mpunga ya huku Lindi, na nilipelekwa Tsukuba, mji ulio karibu na Tokyo, kujifunza umwagiliaji kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Desemba. Katika miezi hiyo nilikwenda kwenye rakugo mara tano. Kijapani changu hakikuzidi salamu, bei na majina ya magugu. Wiki iliyopita kijana wa jirani, aliyepata nafasi ya kusoma huko, kaja kuniuliza: "Shangazi, ukiacha treni, kuna nini cha kuona?" Nikamwambia kaa. Nilichomwambia ndicho hiki, pamoja na vile nilivyovikumbuka alipokwisha kuondoka.

Kitu chenyewe

Rakugo ni utambaji wa hadithi za kuchekesha, fanani mmoja tu. Anakaa juu ya mto wa kukalia katikati ya jukwaa na hasimami mpaka amalize. Mkononi ana vitu viwili: upepeo wa kukunja na kitambaa cha pamba. Upepeo unakuwa vijiti vya kulia, kiko, kalamu, upanga, kasia la mtumbwi. Kitambaa kinakuwa pochi, barua, kitabu, hata kiazi kitamu cha moto anachokimenya huku akipuliza vidole. Wenyewe wana lugha yao ya ndani: upepeo wanauita kaze, yaani upepo, na kitambaa wanakiita mandara.

Jina rakugo limeundwa kwa alama mbili, ya kuanguka na ya maneno. Kinachoanguka ni mwisho wa kisa. Hadithi yote inajengwa ili neno la mwisho lidondoke, na hilo neno la mwisho linaitwa ochi. Likishadondoka, fanani anainama mpaka paji la uso liguse sakafu, anaondoka. Haelezi. Hana "na hadithi yangu imeishia hapo".

Watu wote wa kisa anawaigiza yeye, kwa shingo. Akigeuka huku ni fulani, akigeuka kule ni fulani mwingine. Mara ya kwanza nilidhani anageuka ovyo, mpaka yule mama wa pipi aliponionyesha kwa kidole mapajani mwake. Utaratibu upo, nao ukishaujua umepata nusu ya hadithi: fanani akitazama upande wa kushoto kwako wewe uliyekaa kwenye kiti, anayesema ni mkubwa, au mwenye nyumba. Akitazama kulia kwako, anayesema ni mdogo, au mgeni aliyebisha hodi. Kwa hiyo hata usipojua neno moja unajua nani anamwomba nani, nani anamdanganya nani.

Uende wapi

Kumbi za rakugo zinaitwa yose. Tokyo kuna nne zinazofanya kazi karibu kila siku ya mwaka, mchana na usiku: Suzumoto iliyoko Ueno, iliyoanza mwaka 1857, Suehirotei iliyoko Shinjuku, Asakusa Engei Hall, na Ikebukuro Engeijo, ambayo ni ndogo, iko chini ya ardhi, viti vyake havifiki mia. Vitabu vingi vya wageni bado vinautaja ukumbi wa taifa wa Tokyo. Usihangaike nao, ulifungwa mwaka 2023 kupisha ujenzi mpya.

Mimi nilizoea Asakusa kwa sababu ya treni. Kutoka Tsukuba unapanda Tsukuba Express, hata saa moja haifiki unashuka Asakusa, unapanda ngazi, ukumbi huo hapo. Ila kama unatokea mjini Tokyo kwa treni nyingine, angalia: vituo vinavyoitwa Asakusa ni zaidi ya kimoja, na hicho cha Tsukuba Express kimejitenga na wenzake. Rafiki yangu wa Malawi alishuka kwenye kile cha upande wa mto, akazunguka soko la hekalu la Sensoji na mvua yake, akafika amelowa na amenunua vijiti vya kulia jozi sita.

Lakini ukiniuliza ukumbi mzuri ni upi, nitakwambia Suehirotei. Jengo ni la mbao, lilijengwa upya mwaka 1946 baada ya vita, nje limetundikwa taa za karatasi na mbao zenye majina ya mafanani yaliyoandikwa kwa wino mnene. Ndani, katikati ni viti, lakini pembeni kulia na kushoto kuna sehemu ya mikeka ya tatami. Unavua viatu, unakaa chini. Wazungu niliowaona pale walikaa dakika kumi wakaanza kunyoosha magoti na kutafuta viti. Sisi tuliokulia mkekani tunakaa mpaka jua linazama. Vaa soksi nzima tu.

Osaka wana rakugo yao, na hawapendi ukiichanganya na ya Tokyo. Ukumbi wao, Tenma Tenjin Hanjotei, ulifunguliwa mwaka 2006 karibu na hekalu la Tenmangu. Kule fanani huweza kuwekewa meza ndogo mbele yake, na kipande cha mti anachokigonga mezani, na muziki huingia katikati ya hadithi. Mimi sikufika.

Tiketi na saa

Siku za kawaida huhitaji kuweka nafasi. Unafika dirishani, unaonyesha kidole kimoja, unalipa. Nilikuwa nalipa kama yen 3,000, kwa fedha yetu kama elfu hamsini. Najua. Na mimi niliguna. Lakini sikiliza: Asakusa na Suehirotei, siku nyingi, mtu aliyeingia mchana hatolewi jioni. Kuanzia karibu saa sita mchana mpaka kama saa tatu usiku, tiketi ile ile. Suzumoto hawafanyi hivyo, wao wanatoa watu wa mchana na kuuza upya. Mafanani na wachekeshaji wengine wanapita jukwaani mmoja baada ya mwingine, dakika kumi na tano hivi kila mmoja, na wa mwisho anapewa kama nusu saa. Huyo wa mwisho ndiye mkubwa wa siku, anaitwa tori.

Viti havina namba. Kaa mstari wa tatu au wa nne, katikati. Karibu zaidi ya hapo utakuwa unatazama juu na shingo itauma, na mbali zaidi huoni vidole, na kwa mtu asiyejua lugha vidole ndiyo maneno.

Ratiba inabadilika kila siku kumi: tarehe 1 hadi 10, tarehe 11 hadi 20, tarehe 21 hadi 30. Ukienda tarehe 9 na ukarudi tarehe 12 utakuta watu wengine kabisa. Ratiba inakuonyesha majina ya watu tu. Majina ya hadithi hayamo, kwa sababu fanani mwenyewe hajaamua. Nyuma ya jukwaa kuna daftari linaloandikwa kila hadithi iliyosimuliwa siku hiyo. Anayeingia anasoma daftari, anaacha zilizokwisha kusimuliwa na zinazofanana nazo, kisha anakaa mbele yenu, anapiga porojo kidogo za hali ya hewa, anawapima mnacheka wapi, ndipo anachagua. Hizo porojo za mwanzo zinaitwa makura, yaani mto wa kulalia.

Utajuaje porojo zimeisha na hadithi imeanza? Tazama koti. Fanani aliyekwisha kupanda daraja anavaa juu ya kimono koti jepesi linaloitwa haori. Analivua mabegani huku anaongea, kama mtu aliyeona joto, halianguki kwa kishindo, linateleza tu nyuma yake. Hapo ndipo hadithi imeanza. Na ukiona kijana hana haori kabisa, huyo ni mwanafunzi, zenza. Ndiye atakayefungua siku, sauti inamtetemeka, ukumbi nusu mtupu. Mpigie makofi. Yeye huyo ndiye anayepiga ngoma, anayewachemshia wakubwa chai, na anayegeuza mto kila fanani anapoondoka. Juu ya zenza kuna futatsume, na juu kabisa shin'uchi, na kupanda ngazi hizo ni kazi ya miaka kumi na kitu.

Kwenye huo mto kuna jambo. Umeshonwa pande tatu, upande wa nne hauna mshono kwa sababu kitambaa kimekunjwa tu. Upande usio na mshono ndio unaoelekezwa kwa hadhira, ili pasiwe na mkato kati yake na fanani. Zenza akija kuugeuza anaugeuza kwa namna ambayo upande ule unabaki mbele. Baada ya kuambiwa hivyo nilikuwa siwezi kuacha kutazama mikono ya wale vijana.

Kabla ya kwenda: beba kisa kimoja kichwani

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize, mengine yote utajifunza ukiwa huko. Usiende ukitaka kuelewa kila kitu, hutaelewa. Tafuta visa viwili vitatu mashuhuri, usomewe au uvitazame kwenye mtandao vikiwa na tafsiri, vikukae kichwani. Mafanani wanasimulia visa vya kale vile vile vizazi na vizazi, na Wajapani waliokaa ukumbini wanavijua mwisho wake tangu utotoni. Hawaendi kusikia mwisho. Wanakwenda kuona huyu wa leo ataulaje ule mlo.

Kuna kisa cha mtoto aliyepewa jina refu mpaka wanaomwita wanaishiwa pumzi, Jugemu. Kuna cha mtu anayewaambia wenzake kwamba kitu anachokiogopa duniani ni vitumbua vya manju, wenzake wakamjazia chumba vitumbua ili wamtese, akavila vyote, na alipoulizwa sasa anaogopa nini hasa, akajibu: sasa naogopa kikombe cha chai. Hicho hata nyumbani kwangu kinasimuliwa siku hizi, manju zimekuwa kalimati.

Ila kwa Mswahili kisa cha kwenda nacho ni Toki Soba. Nitakueleza kwa nini.

Ni usiku wa baridi, zamani za Edo, jina la kale la Tokyo. Muuza tambi za soba anatembeza duka lake kwa mzega, jiko upande huu na mabakuli upande ule. Mteja anakuja, anakula, anasifu kila kitu: bakuli zuri, mchuzi mzuri, tambi nyembamba, kipande cha samaki kinene. Bei ni sarafu kumi na sita. Anasema, nina chenji ndogo ndogo, kinga mkono nikuhesabie. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, hivi sasa ni saa ngapi? Muuzaji anasema, tisa. Mteja anaendelea: kumi, kumi na moja, kumi na mbili, mpaka kumi na sita. Huyo kaenda zake.

Kuna mjinga kasimama pembeni kaona yote. Anajiuliza, mbona kauliza saa? Anahesabu na kuhesabu tena kwa vidole, mpaka anagundua kwamba sarafu moja haikulipwa. Anafurahi kama kaokota kanga wa porini. Kesho yake anatafuta chenji, na kwa pupa anatoka mapema kuliko yule wa jana. Anampata muuzaji mwingine. Bakuli lina pengo, mchuzi mchungu, tambi nene zimelainika kama uji, na yeye anajikaza kusifu. Anafika kwenye kulipa. Moja, mbili, tatu, mpaka nane, hivi sasa ni saa ngapi? Nne. Tano, sita, saba, nane…

Mwisho. Fanani kainama.

Wa kwanza alilipa kumi na tano, wa pili alilipa ishirini. Sasa ukimsimulia Mzungu kisa hiki unapata taabu, kwa sababu kwake usiku wa manane ni kumi na mbili na saa haziruki hovyo. Wajapani wa zamani waligawa mchana na usiku kila mmoja peke yake, kama sisi. Saa zao zilihesabiwa kurudi nyuma, kuanzia tisa kushuka hadi nne, kisha tisa tena. Tisa yao ilikuwa usiku wa manane, ambayo sisi ni saa sita. Lakini ile nne ya mjinga, kabla tu ya kufika tisa, ilikuwa kwenye saa nne usiku. Saa nne usiku hii hii yetu! Nilipoelezwa hivyo bwenini Tsukuba nilisimama na kikombe mkononi. Mama mfanya usafi aliyekuwa ananifundisha alidhani nimeungua.

Yeye huyo ndiye aliyenifundisha kuhesabu. Nilikuwa najua ichi, ni, san, akanambia hapana, fanani hahesabu hivyo. Sarafu zinahesabiwa kwa namba za kale: hi, fu, mi, yo, itsu, mu, nana, ya. Kisha anauliza saa, anajibiwa kokonotsu, ndiyo tisa, kisha to, ndiyo kumi. Na ile nne ya mjinga ni yotsu. Nilizikariri nikiwa shambani napima maji, wenzangu wakidhani nasali. Zikariri na wewe. Ni maneno kumi na moja tu.

Hadithi zinafuata majira. Toki Soba ni ya baridi, uwezekano wa kuisikia ni kuanzia Novemba hivi kwenda mbele. Mwezi wa tisa utasikia kile cha bwana mkubwa aliyekula samaki wa kuchoma kwa wanakijiji wa Meguro, akarudi kwake akaletewa samaki yule yule amechemshwa mpaka kaisha utamu. Sanma huyo ni samaki wa mafuta, mwembamba, kama kibua aliyevutwa. Mtu wa Lindi atamlilia.

Ukiwa ndani

Zima simu. Siyo kuipunguza sauti, izime. Usipige picha, usirekodi hata nukta mbili. Kuingia na kutoka ni pale fanani mmoja anapoondoka na mwingine hajaja. Ukichelewa simama mlangoni usubiri. Na usiitikie. Cheka, piga makofi anapoingia na anapoinama, basi.

Kula unaruhusiwa, na wengi wanakula. Nilikuwa nanunua matonge ya wali yaliyofungwa kwa mwani. Mwani wenyewe si kama ule unaoanikwa juani huko Mtwara na Kilwa, ni mwembamba kama karatasi, na plastiki yake inapiga kelele kuliko mabati kwenye mvua. Fungua kila kitu wakati muziki wa kuingia unapigwa. Kila fanani ana wimbo wake wa kuingilia, wa shamisen (kinanda chao cha nyuzi tatu) na ngoma, kwa hiyo nafasi zipo nyingi. Siku ya pili nilikuja na korosho zangu za kutoka nyumbani. Nikatafuna moja wakati fanani anasimulia kifo cha mtu. Korosho iliyokaangwa vizuri ina mlio. Yule wa Malawi alinisogezea mkono akaninyang'anya mfuko, nao ukarudi mtupu.

Katikati ya mafanani wanaingizwa watu wa michezo mingine ili macho yapumzike: wa mazingaombwe, wa kurusha mipira juu ya mwavuli, wawili wa kubishana kwa vichekesho. Usitoke nje kipindi hicho, kwa asiyejua lugha ndicho kipindi cha raha. Subiri hasa mkata karatasi. Anashika mkasi na karatasi nyeupe, anauliza nani anataka nini, watu wanapiga kelele, anachagua. Huo ndio wakati peke yake ambao sauti yako inatakiwa. Mara ya nne nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimejifunza neno fune, chombo cha majini, nikalipiga kwa sauti ile ile ya "Eeee". Akaniona. Akaanza kukata huku anayumba kiunoni, kushoto, kulia, mkasi wenyewe hautembei, karatasi ndiyo inayozunguka, na mdomo hauachi kuongea. Haikufika dakika tatu. Akaitoa karatasi akaiweka juu ya karatasi nyeusi, akainua: chombo cha tanga moja, tanga limejaa upepo, na mtu kasimama omoni. Nilishuka mpaka mbele kuichukua kwa mikono miwili. Ipo ofisini kwangu, chini ya kioo cha meza. Wanaokuja kuomba mbegu wanadhani ni jahazi la Kitunda na mimi sijawakatalia.

Siku nilipoisikia

Ilikuwa mara ya tano, mwisho wa Novemba, baridi ya kukata masikio. Fanani mwanamume wa makamo, mwembamba. Akavua haori, akatoa sauti ndefu ya muuzaji anayepita barabarani, na ndani ya sauti ile nikasikia "soba". Moyo ukapiga.

Upepeo ukafungwa ukawa vijiti. Mkono wa kushoto ukajikunja ukawa bakuli, kidole gumba ukingoni. Akapuliza. Akainua vijiti juu kidogo, akasubiri mvuke upite, kisha akavuta tambi. Mlio ule siwezi kuuandika. Si mlio mmoja: kuna wa tambi zinazopanda, kuna wa mchuzi unaofuata, na kuna pumzi ya moto inayotoka puani mwishoni. Hakukuwa na kitu mkononi, na mimi nilimeza mate. Mtu wa nyuma yangu vilevile, nilimsikia. Baadaye, alipokuwa yule mjinga na tambi mbovu, mlio ukabadilika, ukawa mzito, anatafuna kitu kilichopaswa kumezwa. Pale pale, vijiti vile vile visivyokuwapo.

Hi, fu, mi, yo. Nikawa nahesabu naye kimoyomoyo. Nana, ya. Na ilipofika yotsu nilicheka sawa na wao. Sikuchelewa, sikumtazama jirani kwanza. Nilicheka kwa wakati wake.

Nyumbani nimeisimulia mara nyingi, ila tambi nimeziacha. Kwangu ni supu ya pweza, sarafu za shilingi mia kumi na sita, na yule mjanja ni mvuvi anayerudi saa tisa usiku, maana kwetu nani mwingine anakula saa hizo. Mjinga anakwenda saa nne. Inakaa bila kugongwa nyundo. Shemeji yangu ni karani wa kupima korosho, hesabu anaota nazo, akaisikiliza mpaka mwisho bila kutabasamu, akasema: "Huyo wa kwanza naye mjinga. Angekwenda alfajiri saa kumi na moja, angeokoa tatu." Nikahesabu. Ni kweli.

Mengine machache

Kama unataka kuelewa maneno, wapo mafanani wanaotamba kwa Kiingereza. Mmojawapo ni Katsura Sunshine, Mkanada aliyefundwa na mwalimu wa Osaka kama mwanafunzi wa kweli. Maonyesho hayo hayapo kila siku, itabidi uyawinde. Mimi naona uende kwanza kwenye yose ya kawaida, ukaone umati wenyewe: wazee wenye kofia, mabinti wawili waliotoroka kazini, mtu aliyelala fofofo tangu saa saba.

Na ukiwa Asakusa na una nusu saa, uliza hekalu la Honpoji. Mwaka 1941, wakati wa vita, mafanani walichagua hadithi 53 zilizoonekana hazifai kwa nyakati zile, za mapenzi na za wanawake wa danguro, wakazizika pale na kuweka jiwe. Mwaka 1946 wakaenda kuzifufua. Jiwe bado lipo. Nilipita asubuhi moja, sikuona mtu, nikasema tu "Eeee" kwa sauti ndogo nikaondoka.

Usiku tori akishainama, pazia linashuka na ngoma inapigwa kwa haraka. Wenyewe wanasema inasema "dete ke, dete ke", tokeni, tokeni. Tii ngoma, treni ya Tsukuba haikungojei. Ila kituoni utakuta kibanda cha soba watu wanakula wamesimama. Ingia, utakuwa na njaa hiyo hiyo yangu. Vuta tambi kwa kelele, hapo hakuna atakayekutazama. Mimi niliingia usiku ule na chenji zangu mkononi, nimezipanga, ulimi umejaa hi, fu, mi. Nikakuta unalipa mlangoni kwenye mashine: unatumbukiza sarafu, unabonyeza, unapewa kikaratasi. Nikaangalia saa yangu mwenyewe, nikalipa yote.